Mapigo ya Nguzo

Wahenga walisema mengi kuhusu mito, njia panda na mikia ya ng'ombe, lakini kuhusu lifti hawakuacha hata methali moja. Pengo hilo ndilo lililomponza binti mmoja mchana wa Jumatatu.

Lifti yenyewe ilikuwa ya jengo la ofisi lenye ghorofa tisa, saa ile ambayo kila mtu anarudi kutoka kula. Ndani walibanana makarani wenye mafaili, mzee aliyeshika bahasha ya eksirei, na kijana mrefu aliyekunja mikono ya shati lake la bluu, amekumbatia mashine yenye vitufe vingi kama mtu aliyembeba mwanawe aliyelala. Binti akaingia wa mwisho. Alivaa koti jeupe lenye madoa ya waridi, maana kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, na mgongoni alibeba mfuko mrefu wa gitaa. Akageuka kuomba radhi kwa waliokanyagwa. Mfuko nao ukageuka. Shingo ya gitaa ikapanda juu ya vitufe vya lifti na kuvibonyeza vyote, cha kwanza mpaka cha tisa, bila ubaguzi wala upendeleo.

"Haya," akasema karani mmoja kwa sauti ya msibani. "Tutafika kesho."

"Samahanini jamani."

"Dada, hilo gitaa lina shughuli gani ghorofa zote hizo?" akauliza yule kijana.

"Si gitaa hivi hivi. Ni la besi."

"Najua. Ndiyo maana halina haraka."

Mlango ukafunguka ghorofa ya kwanza. Hakuna aliyeshuka. Ukafungwa. Ukafunguka ya pili.

"Unapigia bendi gani?"

"Utanicheka."

"Nicheke nife. Sema."

"Tunapiga kopi. Nyimbo za watu, kwenye harusi za watu. Chetu ni jasho tu."

Hakucheka. Alisema yeye ni fundi wa mitambo ya sauti, na mashine aliyoipakata ilikuwa inapelekwa kwa daktari wake ghorofa ya nne. Ghorofa ya nne ikafika, mlango ukafunguka, ukasubiri kwa adabu, ukafungwa. Kijana hakushuka. Walipofika ya tisa alikuwa na namba ya simu ya binti, na makarani walikuwa wameshatoa hukumu kwa macho kwamba hawa wawili wataoana au watafungwa.

Kwenye bendi binti aliitwa Nguzo. Mpiga ngoma, mtu mnene mwenye roho nyepesi aliyejulikana kama Nyundo, ndiye aliyempa jina hilo: mgeni akiingia nyumbani kwako husifu mapazia, nguzo huzungumziwa siku paa likianguka. Ndivyo maisha ya mpiga besi yalivyo. Anabeba mzigo mzito kuliko wote na kusimama mahali penye giza kuliko pote, na kwenye picha za harusi hutokea bega lake la kushoto. Hakuna mtoto aliyewahi kulala akiimbiwa besi.

Kabla miezi miwili haijaisha, Fundi alikuwa ndiye anayeshughulikia mitambo ya bendi, na simu ya Nguzo ilikuwa haipoi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nakusubiri unialike."

"Njoo maabara. Kuna meno ya kutosha, chakula ndicho hakuna."

Walipendana hivyo, kwa kutaniana, na kila onyesho lilianza kwa mabishano yale yale. Fundi alikuwa akiweka miguuni pa kila mwanamuziki spika ndogo ya kujisikilizia.

"Wewe nikuwekee nani kwenye yako?"

"Ngoma, na mimi mwenyewe."

"Na mwimbaji?"

"Ananitosha mazoezini. Kwenye masikio yangu hana kiti."

Mwimbaji huyo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. Alivaa viatu vyeupe mwaka mzima na alipenda kuitwa Rais. Siku za karibuni Rais alikuwa amenunua kinanda, na kinanda kilikuwa na kitufe cha besi. "Hakichelewi," alikuwa akisema akikipangusa vumbi, "hakinuni, wala hakina mama mgonjwa." Nguzo alicheka na wenzake, lakini usiku vidole vyake vilikuwa vinacheza juu ya shuka.

Mama yake hakuwa mgonjwa. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mnyoofu kama rula, na kuhusu besi alikuwa na msimamo. "Gitaa lisilosikika ni kama mume asiyelala nyumbani," aliwahi kumwambia bintiye. "Unalo kwa jina." Miaka yote alikataa kwenda kumsikiliza. Siku Nguzo alipomtaja Fundi, mama aliweka kikombe chini.

"Nitakuja mara moja. Nimwone huyo kijana, na nisikie hicho unachokipiga. Nikisikia kitu, sitasema tena. Nisiposikia, utaniambia mwenyewe kwa nini unaukunja mgongo wako bure."

Kwa hiyo Jumamosi ya harusi iliyofuata, Nguzo hakutaka makofi ya mtu yeyote. Alitaka masikio mawili tu.

Mama alikuja na gauni la zambarau lililopigwa pasi mpaka likasalimu amri. Nguzo alitoka getini kumpokea, akamkalisha karibu na jukwaa, akakimbia kuvaa gitaa. Nyimbo tatu za kwanza zilipigwa watu wakila. Nguzo alipiga kama hajawahi kupiga. Miguuni alisikia ngoma ya Nyundo na besi yake vikitembea pamoja kama wanandoa waliozoeana. Akamtazama mama. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, sikio moja mbele, uso umefungwa. Akamtazama Fundi kule nyuma ya mitambo. Fundi aliangalia pembeni.

Sherehe ilipokwisha, mama alikuwa amesimama nje, mkoba kifuani.

"Ulikuwa wapi?"

"Jukwaani, mama! Si ulikuwa unanitazama?"

"Nilikutazama. Vidole vilikuwa vinakwenda. Wimbo ulipoanza nilikusikia hapa," akagusa tumbo, "kisha mapigo yakapotea. Yakarudi tunapokwenda kunawa mikono. Hapo katikati ulikuwa wapi?"

"Labda kelele..."

"Mwanangu, kazi yangu ilikuwa kusikiliza mioyo ya watoto ambao hawajazaliwa, kwa kipembe cha mbao, wodi nzima inapiga kelele. Ungekuwepo ningekusikia."

Nguzo alipiga simu akiwa jikoni kwa mama, mlango umefungwa, bomba limefunguliwa ili sauti isitoke.

"Mpenzi, mmefika salama?"

"Ulinizima?"



"Kwenye spika kubwa tu," akasema Fundi. "Ile ya miguuni nilikuachia."

"Ili nisijue."

"Sikiliza, mpenzi. Ulikuwa umepotea. Kila ulichopiga kilikuwa kinagombana na wenzako. Nikasema huyu ni woga, mama yake yupo. Nikakuficha kidogo aibu isikupate mbele yake."

"Sikupotea! Nilipiga kama tulivyofanya mazoezi."

"Rais alikuwa na mafua. Alizishusha nyimbo zote tatu zianzie noti ya chini, sauti yake haikuwa inapanda. Hukuambiwa?"

Maji yaliendelea kumwagika. Ilikuwa hivi: Rais alitangaza uamuzi wake Nguzo akiwa getini na mama. Rais alidhani Nyundo angemwambia. Nyundo, ambaye kwa ngoma zake wimbo ukishuka au ukipanda ni mamoja, alidhani hilo halimhusu. Na Nguzo hakulisikia mwenyewe kwa sababu masikioni mwake Rais hakuwa na kiti.

"Sikuambiwa," akasema taratibu. "Lakini ungeniacha nisikike, wenzangu wangenikodolea macho, Nyundo angenipigia kelele, ningejirekebisha kabla ya ubeti wa pili. Wewe umeniacha nipige nyimbo tatu kama mtu anayeongea na simu iliyokatika."

"Nilikuwa nakulinda."

"Mama yangu alikuja kusikia. Ukampa vidole."

"Nisamehe."

"Mtu akinitukana nitamrudishia, Fundi. Wewe umenisitiri kama nguo iliyochanika. Nikurudishie nini?"

Akakata. Simu ikaita tena, na tena. Akaiweka ndani ya sufuria na kuifunika, ikaendelea kunguruma humo kama nyuki mwenye madeni.

Jumapili ukaja ujumbe mwingine, wa Rais. Kwa masikitiko makubwa, aliandika, amegundua kwamba nyimbo tatu zimepigwa bila besi na hakuna mgeni aliyeweka kijiko chini. Jumamosi ijayo Nguzo apige, kisha wataangalia habari ya kinanda. Tafadhali na asante.

Wiki hiyo haikuwa na rangi. Maabara, Nguzo alipanga seti nzima ya meno ya mzee mmoja huku chonge za kushoto zikiwa kulia, na kama bosi wake asingekagua, mzee angetabasamu kama mamba. Hakupokea simu ya Fundi hata moja. Ijumaa, Fundi akaacha kupiga, akaandika:

"Kesho kitufe chako sitakigusa. Ukipatia watakusikia. Ukikosea watakusikia. Na Rais nimemweka kwenye spika yako ya miguuni. Nichukie, lakini msikie."

Nguzo alisoma mara nyingi kuliko alivyopenda. Hakujibu. Lakini hakusema Rais aondolewe.

"Kesho nami nakuja," akasema mama bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa anauchagua.

"Ulisema mara moja tu, mama."

"Mapigo yakipotea, mkunga haendi nyumbani kulala."

Ukumbi wa Jumamosi ulikuwa mkubwa kuliko ule wa kwanza, na umejaa. Nguzo alivaa gauni jekundu lisilo na mikono na viatu vya chini. Rais alikuwa amepona mafua na kiburi kimerudi na riba. Kinanda kilisimama pembeni ya jukwaa, kimefunikwa kitambaa, kama posa ya mke wa pili. Fundi alikuwa nyuma kabisa, uso wake mdogo juu ya taa za mitambo. Hawakusalimiana.

Nyimbo za chakula zikapita salama. Meza zikasogezwa, watu wakaingia katikati kucheza. Mama alikuwa amehamisha kiti chake mpaka mbele ya spika kubwa, mikono magotini.

Ukaja wimbo wa mwisho, ule ambao wote waliusubiri. Nguzo akainua macho mara moja kumtafuta Fundi, akamkuta anamtazama, na katika kutazamana huko hesabu ikamponyoka. Akaingia kwenye kiitikio kabla ya wenzake.

Sauti ilitoka nene, pana, na ya makosa kabisa. Bilauri zilitetemeka mezani. Mwanamume mmoja aliyekuwa anazunguka alisimama mguu mmoja hewani akiutazama kama si wake. Rais aligeuka, macho yamemtoka, akapitisha kidole shingoni kumwelekea Fundi: kata!

Fundi alitazama kitufe. Akamtazama Rais, mtu anayempa kazi. Kisha akainua mikono yote miwili, akaiweka kichwani kama mtuhumiwa, na kuiacha huko.

Rais akarudia ishara, safari hii kwa mkono mzima. Mikono ya Fundi haikushuka.

Nguzo alikuwa peke yake na kosa lake, uchi mbele ya ukumbi. Akamsikia Nyundo akifoka nyuma, "Rudi nyumbani, dada!" Na miguuni, kwa mara ya kwanza akiwa jukwaani, akamsikiliza Rais anavyoimba, akajua yuko wapi. Akaruka sauti moja, ya pili akainyamazia, ya tatu akatua juu ya ngoma kama mtu anayekanyaga ngazi gizani na kuikuta ipo. Mguu wa yule mwanamume ukashuka sakafuni. Akacheka, akaendelea kucheza, na ukumbi ukaendelea naye.

Wimbo ulipokwisha Rais alishuka jukwaani na viatu vyake vyeupe moja kwa moja mpaka kwenye mitambo. "Wewe Fundi, ni wangu au wa huyu? Kinanda kisingefanya upuuzi ule!"

"Kisingefanya," akasema Nyundo, akijifuta jasho kwa tai yake. "Wala mimi nisingekuwa napiga. Mguu wa watu wanaocheza naupata kwenye besi yake, Rais. Ukikileta hicho, kiletee na ngoma yake."

Rais akatazama sakafu ya kuchezea. Watu walikuwa hawajakaa, wanapiga makofi kudai wimbo mwingine. "Jumanne mazoezi," akamwambia Nguzo. "Na mtu akishusha wimbo, uliza."

"Mtu akishusha wimbo," akajibu Nguzo, "aseme."

Hapo ndipo mama alipofika, gauni la zambarau bila hata mkunjo. Alisimama mbele ya Fundi, akamkagua toka viatuni mpaka nywele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeyazima mapigo ya mwanangu?"

"Ni mimi, mama."

"Na leo amekosea ukamwacha?"

"Leo niliogopa kugusa."

"Endelea kuogopa hivyo hivyo," akasema. Kisha akamgeukia bintiye. "Lile kosa nimelisikia mpaka kwenye mifupa. Kesho utanieleza lilikuwa nini." Akaondoka kutafuta mkoba wake. Nguzo akalia, kimya kimya, gitaa likiwa bado shingoni, na Fundi akashika upande wa mkanda ili uzito usimwelemee.

Jumatatu mchana lifti ilijaa kama kawaida yake. Makarani walipomwona binti mwenye gitaa anaingia, wakaliwahi na kulilaza ukutani kwa pamoja, kama askari waliofunzwa. Wakashusha pumzi. Ndipo kijana mrefu wa pembeni aliponyoosha mkono na kubonyeza vitufe vyote mwenyewe, kimoja baada ya kingine, kwa utulivu wa shetani.

"We kaka!"

"Niwieni radhi, wakubwa. Nina swali kwa huyu dada, na ni refu."

Mlango ukafunguka ghorofa ya kwanza, ukafungwa. Ya pili hivyo hivyo. Katikati ya tatu na nne Fundi akainama na kunong'ona, na kila aliyekuwemo akaacha kupumua ili asikie.

Nguzo aliziangalia nyuso zote zile, akazitazama taa za vitufe, kisha akamtazama yeye.

"Ongeza sauti, Fundi," akasema. "Walio nyuma hawajasikia."