Candiru Aitwe kwa Jina

Drani na mkewe Pasca walikaa mtaa wa Oli, mjini Arua, Uganda. Drani alishona nguo sokoni, Pasca alilima mihogo. Jumatatu ya Pasaka, mwaka 1974, walipanda lori pamoja na Candiru, mtoto wao wa pekee. Walikwenda kupumzika kwenye kilima chenye msitu wa serikali na mabwawa.

Bibi Ayikoru, mama yake Drani, alikuwa amewaonya: karibu na maji usitaje jina la mtu. Kilichomo majini kikilisikia, kitamwita. Candiru naye aliambiwa akisikia kitu asichokijua, akimbie.

Walikula mihogo na samaki mkavu kando ya bwawa moja. Drani akasinzia, Pasca akaosha vyombo. Alipoinua kichwa, Candiru hakuwepo.

Ukungu ulikuwa unashuka. Pasca alitaka kuita, mdomo ukakataa. Akapiga makofi. Drani akaamka, naye akapiga makofi. Wakalizunguka bwawa hivyo hivyo. Kwenye tope wakaona unyayo mdogo ukielekea kwenye matete.

Makofi yalimleta Tahiru, mlinzi wa msitu. Akauliza kuna nini, wakamweleza.

"Mama, wewe naita mutoto na mikono?" alisema. "Mikono hapana sema nani iko naita. Ita jina yake."

"Karibu na maji hapana. Maji itabeba yeye," Pasca akajibu.

"Yeye natembea na woga, hapana ona maji iko wapi. Ita."

Hofu gani hiyo, jamani! Akiita, maji yatamchukua. Asipoita, mtoto ataingia mwenyewe. Pasca akafumba macho, akaita kwa nguvu zote, "Candiru!"

Akaita tena. Sauti nyembamba ikajibu kutoka kwenye matete. Tahiru akamwambia mtoto asimame palepale, aendelee kujibu. Akaifuata sauti, akipima tope kwa fimbo. Alimkuta ameshika mti, maji yamemfika magotini. Mbele yake palikuwa na kina kirefu.

"Mama, kitu ilikuwa napiga mikono nyuma yangu," Candiru alisema. "Mimi nakimbia yeye."

Pasca akaangua kilio. Kumbe ni wao waliokuwa wakimfukuza mtoto wao kuelekea majini.

Walipotulia, Tahiru aliwafundisha. Kwanza, mkubwa mmoja asimwondolee mtoto macho. Pili, mkifika tu, mwonyesheni mti wa kukutania. Akipotea, asimame mahali pamoja, na akiitwa ajibu.

Pasaka iliyofuata walikwenda na Bibi Ayikoru, aliyekwisha kusimuliwa yote. Pasca alimwonyesha Candiru mti wao. Mchana mtoto akatoweka tena machoni pao. Bibi akasimama kando ya bwawa, akayatazama maji. Kisha akaita, "Candiru!"

"Mimi iko hapa, bibi, kwa muti yetu."

Bibi akageuka, akamwona. Hata hivyo, akaita tena, asikie tu akijibiwa.