Sauti ya Sateki Ilivyofutwa

Kila Jumapili wakitoka kanisani, Toakase alifukua chakula kwenye tanuri la mawe lililofukiwa ardhini, akala na binti yake Ofa, kisha akawasha kompyuta. Hapo Ofa alikatazwa kupiga kelele. Mama alikuwa anamsikiliza marehemu baba.

Sateki, mume wa Toakase, alikuwa mwalimu wa kwaya hapa mjini Neiafu. Mazoezi yake yote aliyarekodi kwenye kompyuta hiyo: akiimba, akifoka, akiwacheka wanaume wa sauti nzito. Hayakuwepo kwingine kokote.

Basi kompyuta ikaanza kugoma. Ikaandika kwamba mfumo endeshi, ile programu kuu inayoendesha mashine nzima, umepitwa na wakati. Toakase akamwita jirani yake Fusi, fundi wa kompyuta.

"Nitakuwekea mpya," Fusi akasema. "Lakini kwanza ninakili sauti za mzee kwenye diski ya pembeni. Nakuja Jumatatu. Mtu asiiguse!"

Jumamosi akatua Siale kutoka Auckland, kaja harusini kwa ndugu. Siale ni binti wa shangazi yake Toakase, na kwetu Tonga mtoto wa shangazi hakataliwi kitu. Akitaka mkeka bora, anabeba. Akitaka nguruwe mnono, anafungiwa.

"He! Kikongwe hiki bado mnacho?" Siale akacheka. "Lete hapa. Nina mfumo mpya kwenye flashi, wa bure kabisa. Leseni ya nini? Watu kibao nimewawekea."

"Dada, Fusi kasema tusubiri..."

"Kwani Fusi ndiye mtoto wa shangazi yako?"

Moyo wa Toakase ulikataa katakata. Mdomo wake ukasema, "Haya, dada."

Mashine yenyewe iliuliza: vyote vilivyomo vitafutwa, uendelee? Siale akabonyeza ndiyo, huku anatafuna kiazi.

Jioni Toakase akazitafuta sauti. Akatafuta tena. Hakuna.

"Sauti za Sateki ziko wapi?"

"Sauti gani?" Siale akauliza. "Mbona hukusema?"

Toakase aliingia jikoni akalia. Alimchukia Siale, na alijichukia mwenyewe zaidi.

Kufika Jumatatu, wanawake wa kanisa walikuwa wamepokea barua pepe chafu zenye jina la Toakase. Wengine walishaanza kumteta. Fusi alipoikagua kompyuta, akasonya.

"Mfumo huu ni wa wizi. Aliyeuchezea ili uonekane una leseni amepachika na programu yake. Hiyo ndiyo imeiba nywila zako na kutuma huo uchafu. Na kinachoniuma, mashine hii ilinunuliwa na leseni yake halali, imehifadhiwa humu humu ndani. Ungechukua mfumo mpya kwenye tovuti ya watengenezaji, ungekubaliwa bila shida. Hukuwa na haja ya kuiba!"

"Sauti je, Fusi?"

Fusi alijaribu mchana kutwa. "Mfumo mpya umeandikwa juu ya sauti hizo. Nimepata vipande tu, na havifunguki. Nisamehe, mama."

Akauondoa mfumo ule, akaweka wa halali, huku anamwelekeza Ofa. "Kabla ya lolote, nakili mafaili yako. Fungua nakala uone kama inafanya kazi. Mfumo chukua kwa wenyewe. Ukimaliza, ingia kwenye mipangilio uhakikishe leseni imekubaliwa. Sasa badilisheni nywila zote."

Siku ya kumuaga Siale, ndugu wote walikuwepo. Siale akanyoosha mkono. "Ofa, lete kompyuta yako ya shule, nikuwekee vitu vizuri."

Ofa akamtazama mama yake.

"Hapana," Toakase akasema.

Watu wakaacha kutafuna. Neno hilo hawakuwahi kulisikia likiambiwa mtoto wa shangazi.

"Unanikatalia mimi?"

"Mkeka ule beba. Nguruwe yule beba. Kompyuta ya mwanangu huigusi. Nimechelewa kukukatalia, Siale."

Siale alibeba mkeka, akaondoka bila kuaga. Ndugu wengine wamemnunia Toakase mpaka leo.

Kompyuta sasa inawaka upesi, na barua chafu zimekoma. Kila Jumamosi Ofa ananakili mafaili yao kwenye diski ya pembeni bila kukumbushwa. Na Jumapili, baada ya chakula, anaruhusiwa kupiga kelele anavyotaka.