Amesema Sawa

Ijumaa saa kumi jioni redio yetu ilirusha hewani sauti ya mtu aliyekufa, na mama yake alikuwa akisikiliza.

Aliyesababisha ni Delvina, mpwa wangu wa miaka kumi na miwili. Mimi ndiye ninayeshika funguo za kituo. Kila siku baada ya shule alikuja kufuta vumbi jekundu kwenye mashine. Redio ilikuwa inatimiza miaka ishirini, na mwalimu wake alimpa kazi ya kuandaa kipindi cha historia yake. Tulianza na kibanda cha mabati, kipaza sauti kimoja, na bendi ya vijana wa hapahapa walioimba kwa lugha yetu. Miaka sita ya kwanza hatukuwa na muziki wetu mwingine.

Mwimbaji wao alikufa kwa ajali ya gari miaka miwili iliyopita. Kwetu mtu akifa, jina lake halitajwi na sauti yake haipigwi mpaka jamaa zake waruhusu. Dada yangu Lottie, mama wa marehemu, alileta mwenyewe kaseti zote kumi na moja za bendi ile, nakala pekee zilizokuwapo.

"Kaka, nitunzie mwanangu," alisema. Nikazifungia sandukuni.

Wiki ile Delvina alinisumbua. "Mjomba, historia bila wimbo wa kwanza ni historia gani? Wenzangu watanicheka."

"Mimi sina ruhusa. Nenda kamwulize mama yako mkubwa, Lottie."

Alirudi baada ya nusu saa, vidole vina chumvi ya chipsi. "Amesema sawa."

"Umemwuliza kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu, Mjomba."

Nikafungua sanduku.

Ijumaa, wimbo ulipoanza, nilisikia redio za majirani zikizimwa moja baada ya nyingine. Mvulana mmoja wa darasa lao akachungulia dirishani.

"Wee Delvina, mtangazaji mkubwa! Mtaa mzima umekuzimia redio!"

Lottie alifika pekupeku. Hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi.

"Nilikupa mwanangu umtunze. Umemtoa nje bila hata kunibishia hodi."

"Dada, Delvina kasema umekubali."

"Delvina gani? Sijamwona wiki nzima."

Delvina akaanza kulia. "Nilifika mpaka getini, Mama Mkubwa. Mlikuwa mnacheza karata. Nikaogopa utakataa, nikaenda zangu dukani."

"Siku ile ningekataa, ndiyo," Lottie alisema. "Lakini nilishaamua kwamba Krismasi nitakuja mwenyewe niwaambie mzipige zote. Sasa sitakuja."

Akazifunga kaseti kwenye shali yake, akaondoka nazo. Nyumba yake iko hatua mia mbili kutoka kituoni, na mimi pia sikwenda kuuliza.

Mwezi mzima Delvina alikwenda kila alfajiri kumpelekea kuni. Wiki tatu Lottie alizipokea getini na kumgeuzia mgongo. Wiki ya nne nilikuwepo alipommiminia chai.

"Kunywa, mwanangu. Nimekusamehe," alisema. "Lakini nisikilize. Ukiona unaogopa jibu la mtu, hapo ndipo unapotakiwa kumwuliza. Hukuniibia wimbo. Uliniibia 'ndiyo' yangu kabla sijaitoa, na ukiiba kitu hicho huwezi kukirudisha."

"Na kaseti, Mama Mkubwa?"

"Kaseti zinakaa kwangu."

Krismasi ilikuja ikapita. Delvina bado anafuta vumbi, na siku hizi akitumwa kuuliza jambo, anarudi na mwenyewe aliyeulizwa. Lakini kaseti kumi na moja hazijarudi. Ni nyimbo tisini na tatu. Ni miaka sita. Mgeni akiuliza historia ya redio yetu, Delvina humsimulia vizuri sana, kuanzia mwaka wa saba.