Mume Aliyeitwa Jirani

"Nani aliyekuja na Mzee Amour?" daktari aliuliza, kashika pazia la wodi kwa mkono mmoja.

Bi Tabia akanyanyuka. "Mimi, mwanangu."

"Presha imempanda, na joto hili limemkausha maji mwilini. Tunamlaza. Wewe ni nani kwake, mama?"

Kinywa kilikuwa kishafunguka kusema "mke wake". Hapo hapo mlangoni akatokea Khairiya, binti yake, baibui halijamkaa sawa, anahema.

"Mama! Una nini? Nimeambiwa umeonekana spitali huku mjini, nimekuja mbio!"

Daktari alikuwa bado anangoja. "Ni mkewe?"

"Hapana," Bi Tabia alisema haraka. "Jirani. Jirani tu wa kule Kizimkazi. Nimemsaidia kumleta."

Kitandani, Mzee Amour alikuwa kafumba macho. Mkono wake uliokuwa juu ya shuka ukasogea taratibu, ukaingia chini ya shuka.

"Ana jamaa zake, watakuja," Bi Tabia alimwambia binti yake. "Twende zetu."

Na kweli akaondoka. Akamwacha mumewe pale, akatoka bila kugeuka nyuma.

Maana Amour alikuwa mumewe wa halali, mwaka wa pili sasa. Alikuwa fundi wa injini za boti za abiria mpaka alipostaafu akarudi kwao Kizimkazi. Mkewe wa kwanza alishatangulia mbele ya haki. Bi Tabia naye alistaafu ualimu wa skuli ya msingi akiwa mjane. Borafya, mdogo wake wa kiume Bi Tabia anayeishi huko huko Kizimkazi, ndiye aliyemuozesha dada yake mbele ya mashahidi wawili. Wakala halua, wakanywa kahawa, basi. Sharti lilikuwa la bibi harusi: watoto wasijue kwanza.

Kila kaskazi joto linapoanza kuipika ghorofa yao ya Michenzani, Bi Tabia huwaaga wanawe: "Nakwenda kupunga upepo kwa mjomba wenu." Khairiya humfungia nguo, Wakil, mwanawe wa kiume, humpeleka kwa gari mpaka kwa mjomba. Gari likishaondoka, yeye huingia kichochoroni mpaka mlango wa nyuma wa nyumba ya Amour.

"Mpaka lini, Tabia?" Amour huuliza.

"Ipite Ramadhani tu, nitawambia."

Ramadhani ikaja, ikapita.

Hofu yake ilikuwa kwa Wakil. Siku aliyomaliza eda ya baba yao, Wakil alimwambia: "Mama, sisi wanao tupo. Hutohitaji mtu mwengine." Alisema kwa mapenzi, lakini mama mtu aliichukua kama amri.

Sasa, siku chache baada ya spitali, alikuwa jikoni Michenzani, anakaanga samaki, simu ikalia mlio wa ujumbe.

*"Jirani, nimeruhusiwa kutoka. Ahsante kwa kunifikisha spitali. Mungu akulipe."*

Akausoma, akaurudia.

"Mama, samaki wanaungua!" Khairiya alipiga kelele kutoka ukumbini.

Akazima jiko. Akapiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena. Siku ile hakula, na ya pili akasingizia tumbo. Asubuhi ya Ijumaa simu ikaita yenyewe. Alikuwa Borafya.

"Dada, mumeo kanituma, na mimi sikupenda kutumwa."

"Anasemaje?"

"Anasema ukitaka atakuacha kimya kimya, kama mlivyooana. Nguo zako kashazikunja, zimo mkobani. Anasema hana ugomvi na wewe."

"Bora angegomba, Borafya. Bora angenitukana."

"Nililala naye spitali mimi. Hakukutaja hata mara moja. Na sikiliza, dada, mimi pia nna lawama yangu. Wapwa zangu wakipiga simu, mimi ndiye nnayejibu: mama kalala, mama kaenda pwani. Nimechoka. Sisemi tena uongo."

Mchana Wakil alikuja kula baada ya swala, kama kawaida yake, na kanzu yake nyeupe. Bi Tabia aliwapakulia wanawe wali na mchuzi, akakaa nao mkekani. Hakuwa amepanga maneno.

"Wanangu, mimi nna mume."

Wakil alicheka. Kisha akamtazama mama yake, kicheko kikakoma.

"Mume gani?"

"Niliolewa mwaka juzi. Mjomba wenu ndiye aliyeniozesha."

"Na hizo safari za kupunga upepo?"

"Nilikuwa nyumbani kwake."

"Nikikupeleka mwenyewe! Na gari langu! Ulitudanganya, mama."

"Niliwadanganya."

"Mwanamke wa umri wako, una wajukuu..."

"Wakil, nyamaza kidogo," Khairiya alimkata. Alikuwa kamkazia macho mama yake. "Mama. Yule mzee wa spitali."

Bi Tabia akainamisha kichwa.

"Ndiye?"

"Ndiye."

"Na ukasema jirani? Na yeye yupo pale, anasikia? Ya Rabbi! Tunatoka, mimi niligeuka, nikaona machozi yanamshuka yanaingia sikioni. Nikadhani maumivu. Nikakwambia ndani ya gari, 'maskini yule babu, hana mtu.' Nawe ukanyamaza!"

"Nilinyamaza. Nilikuogopeni nyinyi, nikamuonea yeye. Na yeye hakunikosea kitu."

Wakil alinyanyuka, akanawa mikono.

"Mimi sijakukataza kuolewa, mama."

"Ulisema sitohitaji mtu mwengine."

"Nilikuwa nna msiba wa baba yangu!" Macho yalikuwa yamemwiva. "Ndiyo maneno ya kuyashika miaka yote hii?"

Akatoka. Viatu vyake vikasikika ngazi zote mpaka chini.

Khairiya akafunika vyakula.

"Vaa baibui, mama."

"Twende wapi?"

"Kwa mumeo."

Walifika Kizimkazi baada ya alasiri. Mzee Amour alikuwa kakaa barazani na Borafya na wazee wawili wa mtaa, kakonda uso. Bi Tabia akasimama mbele ya nyumba, jua lote kichwani.

"Assalaamu alaykum."

"Wa alaykum salaam," wakaitikia. Wale wazee wakataka kunyanyuka.

"Kaeni," Bi Tabia aliwaambia. "Nataka msikie. Amour, nilikukana. Ulikuwa mgonjwa kitandani, unanisikia, nikakukana, kisha nikakuacha. Sikuja na sababu, sina. Wanangu nishawambia wote. Ukitaka kuniacha, niache, lakini usiniache kwa siri. Niache watu wajue kuwa nilikuwa mkeo."

Borafya akatazama chini.

"Unajua kilichoniuma?" Amour alisema. "Ile haraka. Hukusita hata kidogo. Kama neno lile lilikuwa tayari mdomoni."

"Wallahi lililokuwa tayari ni jengine."

"Hilo mimi sikulisikia, Tabia."

Khairiya akasogea mpaka barazani, akainama.

"Shikamoo, baba. Nisamehe, nilikupita kitandani."

"Marahaba, mwanangu. Wewe hukujua. Kaa, umechoka na njia."

Kisha akamgeukia mkewe. "Mkoba wako uko chumbani. Mimi sitozitoa nguo zako."

"Nikizitoa mwenyewe?"

"Itakuwa unakaa."

"Nakaa."

"Na watu wakikuuliza?"

"Nitawajibu."

Akapita mlango wa mbele, mbele ya wazee wale, akaingia ndani.

Mambo hayakupona siku moja. Amour alikula alichopikiwa, akanywa dawa alizopewa, lakini kuna wakati alinyamaza katikati ya mazungumzo, na Bi Tabia akajua yuko wapi kimawazo. Hakumhimiza. Alikaa pembeni yake tu, akimpepea.

Siku chache kabla ya Ramadhani walifanya walima, karamu ya ndoa yao. Mtaa mzima ukaja, pilau ikanukia mpaka pwani. Wakil alifika watu wameshaanza kula. Akasimama mbele ya Mzee Amour.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Sijazoea bado, mzee. Sitaki kukudanganya."

"Hata mimi sijazoea. Kaa ule."

Wakakaa sinia moja, hawasemezani. Bi Tabia aliwaona kutoka dirisha la jikoni. Aliona Amour anasukuma nyama upande wa kijana, na kijana anaichukua.

Akajifuta macho kwa mtandio.

"Unalia nini tena, mama?" Khairiya alimuuliza, bakuli la achari mkononi.

"Niliwachelewesha hawa. Wangekuwa wanakula pamoja tangu mwaka juzi."

Khairiya akamtazama kidogo, kisha akampa lile bakuli.

"Basi wapelekee hii wewe mwenyewe. Mkeka wao mzima hauna achari."