Kilo za Jumamosi

Siku hiyo mjinga alikuwa Inspekta Ochoki mwenyewe. Tuliseme mapema ili tusimsumbue tena.

Droo ilikuwa imevunjwa. Daftari la kuandikia kilo za majani ya chai lilikuwa limetoweka katika ofisi ya utafiti pale Masimba. Mwenye ofisi, Daktari Duncan Mose, alisimama mlangoni tayari amefunga tai ya mkutano.

"Unamshuku nani?"

"Msaidizi wangu, Nyanchoka. Yeye ndiye huandika kilo. Tumekosana."

Ukutani palikuwa na mchoro mkubwa: mbolea ya maji ya Daktari inaongeza mavuno kwa asilimia arobaini. Ochoki, ambaye ana michai yake nyumbani, aliutazama kama mtu mwenye njaa anavyotazama nyama choma. Alama za vidole zikachukuliwa. Za Nyanchoka zilijaa droo nzima. Kufikia saa nne asubuhi, binti wa watu alikuwa seli.

"Daftari liko wapi?"

"Sijui."

"Alama zako ziko kwenye droo."

"Afande, ni droo yangu. Naifungua kila siku. Ulitarajia kukuta za nani?"

Ochoki akakohoa. Hakuwa na kikohozi.

"Na ile asilimia arobaini?"

"Mimi sikuiona. Mistari iliyonyunyiziwa na isiyonyunyiziwa ilitoa sawasawa. Nilimwambia, akanuna. Nikasema nitasimama mkutanoni nisome daftari."

"Kwa hivyo nikuamini wewe, nimwache daktari?"

"Usimwamini yeyote. Chukua ripoti yake, umpelekee aliyechuma."

Aliyechuma ni Abigael, mjane wa Nyacheki. Majaribio yote yalifanyiwa shambani kwake. Alivaa miwani, akafuata kwa kidole tarehe za mistari iliyonyunyiziwa.

"Tarehe saba Machi, kilo thelathini na moja. Kumi na nne, thelathini na tatu. Ishirini na moja..." Akageukia kalenda ya kanisa ukutani. "Inspekta, siku nyingine ni zetu, lakini hizi ni Jumamosi."

"Kwani kuna ubaya gani?"

"Sisi ni Wasabato. Tangu niolewe hapa, hakuna kikapu kimetoka shambani Jumamosi."

Ochoki akafungua ukurasa wa mistari isiyonyunyiziwa. Haukuwa na Jumamosi hata moja.

"Vaa viatu, mama. Twende Masimba."

Walimkuta Daktari akipakia vipaza sauti garini. Wakulima mia sita walikuwa wakimngoja saa nane, tayari kuacha mbolea yao ya zamani.

"Fungua buti."

"Kuna nini?"

"Fungua tu."

Daftari lilikuwa chini ya gurudumu la akiba.

"Ulivunja droo ya ofisi yako mwenyewe?"

Daktari alitazama viatu vyake. "Angelisoma mbele ya watu."

"Na hizi Jumamosi?"

"Niliziongeza upande wa mbolea."

"Kwa nini?"

"Nilishatangaza redioni kabla kilo hazijaingia. Nyumbani wananiita mkombozi wa chai. Ningerudi kuwaambia nini?"

Ochoki alimfungulia Nyanchoka seli kwa mkono wake, akamwita madam mara tatu. Saa nane msichana alisimama mbele ya wakulima, daftari mkononi, Abigael kando yake.

"Tulinyunyizia mistari kumi, tukaacha kumi. Kwa miezi mitatu, kilo zilikuwa sawa. Hili ni shamba moja tu, kwa hivyo siwezi kusema mbolea hii haifai popote. Nasema hapa haikuongeza kitu."

Watu wakanong'onezana. Kutoka dirisha la gari la polisi, pingu mikononi, Daktari akapaza sauti.

"Mnasikiliza hao? Huyo mama mchuma chai anajua nini kuhusu utafiti?"

Abigael akavua miwani, akaifuta kwa leso bila haraka.

"Utafiti siujui, daktari. Jumamosi naijua."