Kuku Mwenye Miguu Mitatu

Kila asubuhi Chiriku na Kimya walikatiza bustani ya jiji wakienda shuleni. Mama zao walikuwa dada, na wao wawili walilala chumba kimoja na kugombania kioo kimoja. Chiriku aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kimya yeye alizungumza kwa penseli.

Siku moja Kimya alichelewa kuvaa, Chiriku akatangulia. Katikati ya bustani, mabati yaliyouzunguka ukuta mwezi mzima yalikuwa yameondolewa. Ukutani alisimama kuku mrefu kuliko mlango, wa vipande vya vigae vyekundu, vya njano na vya bluu. Chiriku alimtambua papo hapo. Ulikuwa mchoro wa Kimya, ule ambao mwalimu aliupeleka kwa watu wa bustani waliotafuta mchoro wa kupamba ukuta. Mchoro wa Chiriku, wa twiga, ulirudishwa, tena umekunjwa mara nne.

Wivu ukamwasha kama pilipili jichoni. "Kuku!" alinong'ona. "Jiji zima limekosa cha kutazama?"

Muuza magazeti alikuwa amesimama hapo, kinywa wazi. "Aliyechora huyu ana akili," alisema.

"Ni mimi," Chiriku akajibu. Mdomo ulishatoka mbio, yeye bado anafikiri.

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akamshika kidevu, "Mtoto mzuri!" Sifa zikamkolea, ingawa zilikuwa za kuazima bila ruhusa.

Fundi wa vigae akashuka ngazini. "Afadhali umekuja, binti. Hii miguu mitatu imeniponza, wenzangu wanasema nilikuwa nimelewa. Nilifuata karatasi yako, lakini huu mdogo ni wa nini? Saruji bado mbichi. Ukisema nitoe, natoa."

Chiriku alijua fika. Kimya alishamwambia: mguu ule ni wa kifaranga aliyejificha chini ya bawa la mama yake. Ukiondolewa, pale ukutani atabaki kuku tu, kama kuku wengine.

"Nilikosea," alisema. "Toa."

Fundi akaweka patasi, akagonga. Kigae kimoja cha mguu kikaanguka, kikapasuka.

"Heri, maana alikuwa kuku au kigoda?" muuza magazeti akauliza, watu wakaangua kicheko.

Chiriku hakucheka. Alimkumbuka Kimya mezani, akiuchora mguu ule, akiufuta, akiuchora tena. Nyundo ikainuka mara ya pili.

"Fundi, usipige!" alipiga kelele. "Si mchoro wangu! Ni wa ndugu yangu. Huo ni mguu wa kifaranga, yuko chini ya bawa. Nilijua, nikaona wivu."

Kicheko kikakatika. Yule mama aliyemshika kidevu akafuta mkono kwenye gauni lake.

Kimya akafika, anahema. Chiriku akamweleza yote, bila kuruka neno, kisha akasema, "Nisamehe, ndugu yangu."

Kimya akapitisha kidole kwenye lile pengo. "Tafuta kigae kingine chekundu," alisema. "Nitachagua mimi."

Chiriku akapekua ndoo ya fundi mpaka vidole vikawa vyeupe kwa vumbi. Kimya alikataa vigae sita. Cha saba akakikubali, na fundi akawaachia wakibandike wenyewe.

"Sikia, binti," fundi akamwambia Chiriku. "Wivu una nyundo, hauna saruji. Utabomoa kazi ya mwenzako, lakini hautakujengea yako. Ukitaka kusifiwa, fanya kazi yako, na ya mwenzako isifu kwa jina lake. Haya, kimbieni. Mwalimu hangoji saruji ikauke."