Breki Zilizokatwa Kwenye Buti

Gurudumu la mbele lilisimama kabla Bilonda hajagusa breki.

Alikuwa ameipindua baiskeli barazani, magurudumu juu, na alilizungusha lile la mbele kwa kidole ili aone kama mipira mipya ya breki inakwaruza. Lilizunguka mara tatu, likasimama ghafla kama lililoshikwa kwa mkono. Alilegeza waya. Alichana ukurasa wa daftari akaupitisha kati ya mpira na rimu. Ukapita bila kukwama, kushoto na kulia. Akazungusha tena. Mara tatu, likasimama.

Mama Kabedi, mama mkwe wake, alikuwa akipuliza makaa ya mbabula, jiko lake la bati, pembeni. Alimtazama, akacheka kidogo. Yeye baiskeli aliiita kinga, kama watu wengi wa Kolwezi.

"Masomo yote ile, na kinga inakushinda?"

Bilonda aliendelea kupima waya. Baiskeli alizijua. Huko Dilolo baba yake alitengeneza zile za wafanyabiashara wanaovuka kwenda Angola, na yeye ndiye aliyemshikia spana mpaka alipoondoka kwenda chuo. Hii ilikuwa kuukuu. Mume wake, Dimitri, aliipata ikiwa haina breki hata moja. Kesho asubuhi angeteremka nayo mlima wa machimbo ya Mutoshi akiwa amefunga nyuma gunia la mawe ya madini la kilo mia. Wiki iliyopita mwenzake aliteremka mlima huo akizuia gurudumu kwa kandambili, na Alhamisi walimzika. Ndiyo sababu Bilonda alipima kila kitu mara mbili. Mipira ya dukani haikuingia kwenye vyuma vya zamani vile, kwa hiyo Dimitri alimletea buti la mpira, la kushoto, akasema amepewa na fundi viatu wa sokoni. Bilonda akakata vipande vinne kwenye soli, milimita kumi na mbili kila kimoja.

Harufu ilikuja baadaye. Mama Kabedi ndiye aliyeuliza nani amechimba udongo. Ulikuwa mwezi wa saba, mvua haijanyesha tangu Aprili, na ua wote ulikuwa vumbi. Lakini barazani palinuka udongo mbichi, ule wa chini sana, wenye ubaridi.

Bilonda aliigeuza baiskeli ikasimama, akaisukuma kuelekea barabara ya Mutoshi. Ilikwenda laini, karibu imvute. Alipoigeuza irudi nyumbani, magurudumu yote mawili yalikaza kwa pamoja, naye akajikuta anaiburuta, vumbini ikabaki mistari miwili. Akajaribu tena, na tena. Kuelekea Mutoshi breki ziliachia. Kuelekea nyumbani zilishika. Na mara ya nne, alipoinamisha sikio karibu na rimu, alisikia kugongwa, ko, ko, ko, kisha kimya, kisha ko, ko, ko, sauti ndogo ya jiwe juu ya jiwe, kama wanavyogonga watu waliofunikwa na udongo ili walioko juu wajue kwamba bado wanapumua.

Dimitri alipoingia akamkuta ameketi chini, mikono mapajani. Bilonda alimwuliza alikolitoa buti, kwa sauti ya chini ili mama asisikie.

"Sema bukweli. Hii buti ulitosha wapi?"

Dimitri aliitazama baiskeli.

"Ku shimo," akasema. "Ile yenye ilianguka mwaka jana. Hakuna mutu anaendaka pale tena. Niliwaza ule mwenye buti amelala."

Huko machimboni, shimo likiporomoka na watu wasiweze kutolewa, wenzao huacha mdomoni mwa shimo buti moja la kila aliyebaki chini. Halihamishwi. Hata mwizi hulizunguka. Dimitri alilijua hilo kuliko mkewe, lakini tangu mazishi ya Alhamisi alikuwa haoni kitu kingine isipokuwa ule mlima.

Walikwenda saa kumi jioni na Tata Séraphin, mzee anayeitwa na wachimbaji kuongea na wa chini kila shimo linapofunguliwa. Bilonda alikuwa ameing'oa mipira yote minne na kuirudisha ndani ya buti. Mzee hakuwakaripia. Alilipokea, akaliweka kwenye mdomo wa shimo, akapanga vipande chini ya soli kimoja kimoja, mahali pake. Katikati ya soli palibaki pengo la upana wa vidole viwili.

"Kipande ingine iko wapi?"

Bilonda akakumbuka mabaki aliyoyafagia, na mkono wa Mama Kabedi ukiyaokota kuwashia makaa, kama wanavyofanya wanawake wote wa mtaa wakikosa karatasi. Bukari ya mchana, ugali wao, iliiva kwa moto huo. Wote watatu walikula.

Alipomweleza, mzee alipangusa mikono yake kwenye suruali. Alisema wa chini hawezi kupanda na soli iliyotoboka, na kwamba hataacha kudai.

"Tata Dimitri, vua yako. Ya kushoto."

Dimitri akavua. Buti lake likasimama kando ya lile lingine, bado na joto la mguu, na Tata Séraphin akaongea maneno ya Kiluba kwa sauti ndogo ndani ya giza la shimo, mpaka harufu ya udongo ikapungua na kule kugonga, kulikokuwa kumewafuata mpaka hapo, kukakoma. Akawaambia warudi nyumbani bila kutazama nyuma. Yeye angebaki mpaka jua lizame.

Bilonda alitangulia akisukuma baiskeli isiyo na breki, nayo ilikwenda vizuri, kuelekea nyumbani, bila kushika. Nyuma yake alisikia miguu ya mume wake kwenye changarawe: buti, kisha mguu mtupu, buti, kisha mguu mtupu. Alizihesabu hatua hizo kwa sababu zilimtuliza, akazihesabu wakipita miti ya mikaratusi, wakipita kanisa la Wamethodisti lililokwisha kufungwa, wakipita kona ya wauza makaa, na hapo ndipo alipopoteza hesabu, kwa sababu sikio lake lilikuwa limeanza kusikia kitu kingine, buti, buti, buti, buti, hatua nzito zilizo sawa, za mtu aliyevaa buti miguu yote miwili, na hewa iliyomfikia shingoni ilikuwa baridi na ya udongo mbichi.

Alisimama. Hatua za nyuma nazo zikasimama.

Mbele, mlangoni, Mama Kabedi alikuwa ameinua taa kuwapokea. Tabasamu lilimtoka usoni polepole, macho yake yakashuka hadi kwenye buti mbili miguuni pa mwanawe, yakabaki hapo.

"Nyumba yetu," ikauliza sauti ya Dimitri, kwa upole, kama ya mgeni aulizaye nyumba ni ipi, "njo ile?"